Tajiri wa Injini: Safari Rally Ikitazamwa Kutoka Changamwe

Gari linalotaka kuingia kisiwa cha Mombasa lina njia tatu: Makupa kwa wanaotoka Changamwe, daraja la Nyali kwa wanaotoka Kisauni, na feri kwa wanaotoka Likoni. Gari linalotoka ng'ambo ya bahari lina njia ya nne, nayo ni bandari, ambayo sehemu yake kubwa siku hizi iko Kipevu, upande wa Changamwe. Kwa miongo mingi magari ya viwanda yaliyokuja kushindana katika Safari Rally yaliteremshwa Mombasa, yakapanda bara, na Pasaka ikifika yakarudi pwani mbio, yametapakaa tope jekundu la Taita. Majina ya madereva tuliyakariri. Joginder, Mehta na Waldegård yalitamkwa barazani kama majina ya majirani. Jina la mwenye gari ni nadra mtu kuliuliza.

Wenye matatu za Likoni na Kisauni wanaielewa hesabu hii bila kufundishwa. Dereva ana sifa barabarani, makanga ana mdomo, lakini jioni anayepokea hesabu ni tajiri, na tajiri akiamua kuliuza gari dereva hana la kusema. Mbio kubwa za magari duniani zimeendeshwa hivyo hivyo, na historia ya Safari, ukiisoma kwa kufuata wenye injini badala ya wenye usukani, inaeleza mambo mengi ambayo vikombe na picha havielezi.

Safari ilianza 1953, wakati Malkia Elizabeth anatawazwa, ndiyo maana ikaitwa Coronation Safari. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, na tunajua ni nani wakati huo aliyekuwa na ruhusa ya kuzurura nchi nzima kwa gari kwa ajili ya kujifurahisha. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Eric Cecil, alipoalikwa kushindana katika uwanja wa Langa Langa huko Bonde la Ufa alijibu kwamba haoni raha ya kuzunguka duara lile lile. Afadhali ashindane kwa kuikata nchi. Washindani walianzia miji tofauti ya Kenya, Uganda na Tanganyika, wakakutana Nairobi. Mwaka huo hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla.

Lakini kanuni iliyopangwa 1953 ndiyo iliyoamua nani angekuwa tajiri wa mbio hizi kwa miaka ishirini. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake dukani. Hawakutazama nguvu ya injini, walitazama bei. Na gari lilipaswa kuwa lile lile ambalo mkulima wa Nakuru au karani wa Kampala angeweza kuingia dukani akalinunua. Kanuni kama hiyo ikishawekwa, mwenye faida kubwa ni mwenye duka.

Basi wenye maduka wakajitokeza. Vic Preston na mwelekezi wake D.P. Marwaha walishinda 1954 kwa Volkswagen, na mwaka uliofuata wakashinda tena kwa Ford Zephyr. Cecil mwenyewe alishinda 1956 kwa DKW. Bill Fritschy alichukua 1959 na 1960 kwa Mercedes 219. Nyuma ya ushindi wa namna hii alikuwapo wakala: Cooper Motor Corporation kwa Volkswagen, D.T. Dobie kwa Mercedes na baadaye Datsun, Marshalls kwa Peugeot. Wakala ndiye aliyelitoa gari bandarini, akalipeleka kwenye karakana yake, akaimarisha springi, akaweka bamba la chuma chini ya injini, akapanga mafundi na vipuri kwenye matawi yake njiani. Kiwanda cha Ulaya kilituma barua, pengine na fundi mmoja. Dereva alikuwa mara nyingi mfanyakazi wa wakala au rafiki yake. Gari likishinda Jumatatu ya Pasaka, tangazo lilikuwa gazetini kabla juma halijaisha.

Mfano mzuri kuliko yote unatoka Dar es Salaam. Bert Shankland, Mskoti aliyefanya kazi kwa Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot, alishinda 1966 na 1967 pamoja na Chris Rothwell kwa Peugeot 404. Nick Nowicki na Paddy Cliff walikuwa wamekwisha kushinda na gari hilo 1963, na wakarudia 1968. Katika miaka hiyo miwili ya Nowicki ni magari saba tu yaliyofika mwisho kila mara. Hesabu: Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka sita. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwamba Peugeot ni gari la Afrika. Lilibeba abiria, lilibeba mirungi, lilibeba samaki wa Shimoni, na mwanawe, 504, akaja akafanya kazi hiyo hiyo kwa miaka mingi zaidi.

Nje ya mawakala alikuwapo mtu mmoja aliyethubutu kuwa tajiri wa nafsi yake. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishindana kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni na wengine, wakaifungua na kuitengeneza upya kwa mikono yao, wakaanza wakiwa namba moja barabarani na wakashinda kwa zaidi ya saa nzima. Sijui ushindi mwingine wa Safari unaonivutia kama huu. Ni mara chache mno katika mchezo huu mtu aliyefunga boliti za injini anakuwa ndiye aliyelimiliki gari na ndiye aliyeliendesha.

Wakati huo huo, huko Uingereza, jambo lilitendeka ambalo lilikuja kufika hadi kwenye matope yetu. Kampuni ya Ford iliwapa mafundi wa Cosworth, mjini Northampton, pauni 100,000 watengeneze injini ya Formula One. Ikatoka injini ya silinda nane iliyoitwa DFV. Ilishinda mbio zake za kwanza kabisa, Zandvoort 1967, Jim Clark akiwa ndani ya Lotus. Mwaka huo ilikuwa ya Lotus peke yake. Kisha kuanzia 1968 Ford na Cosworth wakaruhusu ziuzwe kwa timu nyingine, na hapo ndipo mchezo ulipobadilika: mtu mwenye karakana ndogo, mhandisi mzuri na fedha za kununua injini angeweza kupambana na Ferrari, ambao walijitengenezea kila kitu. DFV ilishinda mbio 155 kabla ya kustaafu. Timu nyingi tunazozijua leo ziliota kwenye udongo huo.

Cosworth hao hao walitengeneza injini ndogo ya silinda nne, BDA, ikaingia kwenye Ford Escort RS1600. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm, watu wa Skandinavia, walikuja na Escort hiyo wakiwa na timu rasmi ya Ford ya Uingereza, wakashinda. Walikuwa madereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Kwa miaka kumi na tisa wenyeji walikuwa wakitamba kwamba mgeni hawezi. Kwamba Safari haitaki mwendo, inataka kuijua njia na kumjua mungu wa mvua. Majigambo hayo yaliisha siku moja. Na yaliishia kwa injini ambayo hukuweza kuikuta kwenye gari la kawaida la familia.

Haikuwa mwisho wa wenyeji, la. Datsun walikuwa wamekuja na akili nyingine: kiwanda cha Japani kilileta magari, D.T. Dobie akaleta ujuzi wa nchi. Edgar Herrmann alishinda 1970 na 1971 kwa mpango huo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye familia yake ilipoteza makao baada ya amri ya Idi Amin ya 1972, alishinda 1973 kwa Datsun 240Z akiwa sawa kabisa kwa pointi na Harry Källström, naye wa Datsun. Ikabidi kanuni za kuvunja sare ziamue. Kisha akashinda mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano, na katika Safari za ubingwa wa dunia hakuna aliyemfikia. Joginder naye alirudi na Mitsubishi Lancer akachukua 1974 na 1976, na mwaka huo wa pili Lancer zikashika nafasi tatu za kwanza.

Nchi zenyewe, hata hivyo, zilikuwa zikiachana. Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yaliacha jina la Afrika Mashariki yakabaki Safari Rally, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Safari ikawa ya Kenya peke yake, na hapo pwani ikapata thamani zaidi: ukitaka joto, mchanga na unyevu bila kuvuka mpaka, huna budi kuteremka Mombasa.

Mwaka 1978 ilishinda injini ya ajabu kidogo. Jean-Pierre Nicolas alikuwa na Peugeot 504 Coupé yenye injini ya silinda sita ambayo Peugeot, Renault na Volvo waliitengeneza kwa ubia. Matajiri watatu, injini moja. Ukiona leo viwanda vinavyoshindana madukani vinauziana injini viwanjani, usidhani ni jambo jipya.

Hapa turudi Changamwe. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Kenya iliamua kwamba magari yasije tena yakiwa mazima. Yaje vipande, yaunganishwe nchini, vijana wapate kazi. Viwanda vitatu vikaanzishwa: kimoja Thika, kimoja Nairobi, na cha tatu, Associated Vehicle Assemblers, Miritini, pembeni ya barabara kuu ya Nairobi, eneo lililokuwa jimbo la Changamwe kabla Jomvu haijawa jimbo lake katika uchaguzi wa 2013. Serikali ilikuwa na hisa. Leo kiwanda ni mali ya Simba Corporation. Makreti yanatoka bandarini, yanasafiri kilomita chache, yanafunguliwa. Ndani mna milango, chasisi, nyaya, viti. Vijana wa Mikindani na Jomvu wanachomelea, wanapaka rangi, wanafunga boliti. Injini imo ndani ya kreti yake, imekwisha kujaribiwa na kufungwa kule ilikotoka, na kazi ya Miritini ni kuishusha kwa winchi mpaka ikae mahali pake. Peugeot 504 zilipita hapo, na Land Cruiser, na malori ya Mitsubishi. Kwa hiyo gari lililotangazwa kwa jina la Safari liliunganishwa na mikono ya watu wa hapa, lakini moyo wake ulikuja umeshonwa.

Palikuwa na jaribio la kuushona wenyewe. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa taratibu. Wahandisi walitengeneza magari matano ya mfano yaliyoitwa Nyayo Pioneer, na karakana za Kenya Railways zikasaidia kutoa vipuri, injini ikiwemo. Yalionyeshwa Kasarani 1990 mbele ya Rais, na moja likagoma kuwaka. Wakenya wamelicheka gari hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mimi naona kicheko kile kilitugharimu. Injini za Renault za turbo zilizoingia Formula One 1977 zilifuka moshi hadharani mbio baada ya mbio, watu wakazipachika jina la birika. Waliozimiliki hawakuziacha, na miaka miwili baadaye zikashinda nyumbani Ufaransa.

Sasa tufike pale mfumo wa mawakala ulipovunjika. Mwaka 1982 wakuu wa mchezo duniani walileta daraja la Group B: kiwanda kikitengeneza magari 200 tu ya aina fulani, ruhusa ya kushindana kimepata. Magari 200 kwa dunia nzima maana yake gari la mashindano halikuwa tena bidhaa ya dukani. Wakala wa Nairobi hakuwa na la kuuza siku ya Jumanne. Akabaki mwenyeji wa wageni: atafute hoteli, alipie ushuru bandarini, asimamie helikopta zilizoruka juu ya gari kulitazamia ng'ombe na mito.

Aliyefaidi kuliko wote ni Ove Andersson, Mswidi aliyekuwa ameshinda Safari ya 1975 na Peugeot 504. Alikuwa na kampuni yake, yenye makao Cologne, Ujerumani, nayo ndiyo iliyoendesha timu ya Toyota Ulaya. Toyota walikuwa na jina na injini. Andersson alikuwa na karakana na mkataba. Walikuja na Celica ya turbo, gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma wakati wenzao wengi wanakimbilia magurudumu manne, na kwa sababu halikuwa na mengi ya kuvunjika, lilishinda 1984, 1985 na 1986, Waldegård akiendesha mara mbili na Juha Kankkunen mara moja katikati. Ushindi ulipozidi, tajiri akataka duka lake: 1993 Toyota waliinunua kampuni hiyo ya Cologne. Mwaka huo Celica zilishika nafasi nne za kwanza Safari. Na kutoka karakana hiyo hiyo Toyota waliingia Formula One 2002, Andersson akiongoza. Walitoka 2009 bila kushinda hata mbio moja, pamoja na fedha zote. Kuimiliki injini, timu na jengo havikutosha.

Miaka ya 1990 ilikuwa ya makandarasi. Subaru iliendeshwa na Prodrive ya David Richards. Mitsubishi iliendeshwa na Ralliart ya Andrew Cowan, yule yule aliyekuwa wa tatu katika Safari ya 1976. Ford ilikuja kuendeshwa na M-Sport ya Malcolm Wilson. Colin McRae alishinda 1997 na Subaru, kisha 1999 na 2002 na Ford Focus. Kikombe kilikwenda kwa kiwanda, hundi ikaenda kwa mkandarasi. Kwa Wakenya nafasi zilikuwa za kubahatisha. Patrick Njiru alipewa Subaru Vivio, kigari kidogo mno, akashinda daraja lake 1993, na mwaka uliofuata akamaliza wa nne kwa jumla na Impreza. Mwaka huo wa 1994 Ian Duncan alishinda na Toyota. Tangu hapo mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari ikiwa mbio za ubingwa wa dunia.

Baada ya 2002 ubingwa wa dunia ukaondoka. Kwa kipindi kilichofuata Safari ilirudi mikononi mwa wenye magari yao: mfanyabiashara aliyenunua Mitsubishi Evo au Subaru Impreza iliyotumika Ulaya, akaiingiza kupitia Kilindini, akamtafuta fundi. Carl Tundo alishinda mara tano katika kipindi hicho. Pwani nayo ilipata mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo mara kadhaa yameanzia au kuishia Mombasa. Humo biashara ni wazi kabisa: kampuni ya Tuthill ya Uingereza hutengeneza Porsche 911 za zamani, mteja mwenye uwezo analipa, makontena yanashuka bandarini. Waldegård alishinda hivyo 2011, mwanawe akimsomea njia, na Stig Blomqvist 2015.

Ubingwa wa dunia uliporudi 2021 uliketi Naivasha. Pwani haimo. Nitasema haki: sababu si dharau tu, maana kanuni za siku hizi zinataka magari yote yarudi kwenye kituo kimoja cha mafundi, na huwezi kwenda Shimba Hills na kurudi Naivasha chakula cha mchana. Toyota wameshinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Miaka ya kwanza ya kurudi kwao kwenye mchezo huo timu iliendeshwa na kampuni ya Tommi Mäkinen, bingwa wa Safari wa 1996 na 2001. Kabla ya Safari ya 2021 Toyota walikuwa wamekwisha kuichukua mikononi mwao. Andersson, kisha Mäkinen: hadithi ile ile mara mbili.

Katika Formula One mzunguko ni huo huo ila fedha ni nyingi zaidi. Honda walipoondoka mwishoni mwa 2008, Ross Brawn aliirithi timu, akatia injini za Mercedes, akashinda ubingwa 2009, na Mercedes wakainunua pamoja na wawekezaji wa Abu Dhabi. McLaren, yenye fedha za Bahrain, ilishinda ubingwa wa timu 2024 na 2025 kwa injini za kununua kutoka kwa Mercedes hao hao, ikiwaacha nyuma wauzaji wenyewe. Renault, waliokuwa wavumilivu 1977, wameacha kutengeneza injini za Formula One mwishoni mwa 2025, na timu yao ya Alpine sasa inanunua. Mtu wa Ghuba anajifunza kumiliki timu. Mtu wa Ulaya anajifunza kununua injini.

Na sisi? Kenya imekuwa ikilipa fedha za umma ili mbio hizi zije. Magari ya mshindi yanatoka kwa kampuni ambayo Land Cruiser zake zinaunganishwa Miritini. Hiyo ni nguvu ya kujadiliana ambayo Shankland na Tanganyika Motors hawakuwa nayo, na sijaona ikitumika. Sharti la kudai si kikombe wala tangazo. Ni vijana wa Changamwe, Likoni na Kisauni kuchukuliwa kila mwaka kwenye karakana za timu, wafungue injini badala ya kuishusha kwa winchi tu, na ni siku moja ya mashindano, hata ya daraja la chini, kurudi Kwale na Taita. Wanaoketi mezani kwa niaba yetu waliandike hilo kwenye mkataba ujao kabla ya kutia sahihi.